Juu sawa, chini mteremko: kinachobeba na kinachoshika sakafu iliyoinuliwa

Maji yanataka mteremko. Meza, kiti na mguu wa mtu vinataka usawa. Ugomvi huu mdogo ndio chanzo cha matatizo mengi ya sakafu za nje katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia paa la zege la ghorofa pale Forest, Mbeya, hadi baraza ya mbao inayotazama bonde la Ruaha Mdogo, Iringa. Fundi akijali usawa tu, maji yanatuama. Akijali maji tu, kiti kinayumba. Sakafu iliyoinuliwa inaamua ugomvi huo kwa kuweka sakafu mbili: ya chini yenye mteremko, ambayo kazi yake ni maji peke yake, na ya juu iliyo sawa, ambayo kazi yake ni watu. Katikati kunabaki uwazi, na humo ndimo vinamokaa viguu, boriti na vishikizi tunavyovizungumzia hapa.

Kwanza tuone kwa nini njia iliyozoeleka, ya kubandika tailizi juu ya slabu kwa saruji, inashindwa mara kwa mara huku kwetu. Watu wengi huamini kwamba tailizi ndiyo inayozuia maji. Tailizi yenyewe haipitishi maji, lakini mistari ya grauti, yaani ule ujazo wa katikati ya tailizi, inapitisha. Mvua zikianza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, maji hupenya kwenye mistari, yakaingia kwenye saruji ya kubandikia na kukaa pale wiki hadi wiki yakitafuta ufa wa slabu. Halafu kuna jua. Zege hutanuka takriban milimita 1.1 kwa kila mita 10 joto likipanda nyuzi 10. Tailizi ya posileni, ile ngumu ya udongo wa kuchomwa, hutanuka kama milimita 0.7. Tailizi nyeusi juani huwa ya moto mno kukanyagwa pekupeku, kisha usiku wa Juni au Julai hewa ya Mbeya hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, na kule Kitulo hata umande huganda. Kila siku vitu viwili vilivyobandikwa pamoja vinavutana. Ukisikia tailizi inalia tupu ukiigonga kwa mpini wa nyundo, ujue mvutano umeshamaliza kazi yake na maji yamepata chumba cha kulala.

Mfumo wowote wa kuinua sakafu una kazi tatu, na inasaidia sana kuzitenganisha kichwani kabla hujanunua hata skrubu moja. Kuna kubeba, yaani kupeleka uzito chini hadi kwenye zege au udongo. Kuna kusawazisha, yaani kufidia tofauti ya kimo kati ya sehemu na sehemu. Na kuna kushika: kuzuia kipande kisihame, kisiinuke wala kucheza, huku kikiachiwa nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Kazi moja ikitwishwa ya mwenzake, sakafu inaharibika. Skrubu inayolazimishwa kuvuta ubao ulale juu ya boriti iliyo chini kuliko wenzake imepewa kazi ya kusawazisha, itang'oka. Saruji ya kubandikia tailizi imepewa zote tatu kwa mpigo.

Viguu chini ya tailizi

Kiguu ni kipande cha plastiki ngumu chenye kitako kipana chini, mwili wenye hesi unaorefuka ukiuzungusha kama kifuniko cha chupa, na kichwa cha bapa juu. Kichwani kuna mapezi manne madogo yanayosimama kama msalaba. Pembe nne za tailizi nne hukutana juu ya kiguu kimoja, na mapezi yanaacha nafasi sawa kati yake, milimita 2 hadi 5 kutegemea aina. Hakuna gundi wala grauti. Tailizi imelala tu, na uzito wake pamoja na kubanana na jirani zake ndivyo vinavyoishika. Maji ya mvua hupita kwenye nafasi hizo, yakaanguka kwenye slabu na kufuata mteremko hadi kwenye tundu la maji.

Tailizi inayofaa ni posileni ya unene wa milimita 20, yenye uzito wa karibu kilo 45 kwa mita ya mraba. Ile ya milimita 8 au 10 iliyotengenezwa kwa sebule haifai kabisa, hata muuzaji akiisifia vipi. Sebuleni imelalia saruji uso mzima. Juu ya viguu imesimama kwa pembe nne, na mguu wa kiti ukitua katikati inapasuka. Mbadala unaopatikana karibu ni bamba la zege la sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5, linalofyatuliwa na mafundi wa hapa hapa. Linabeba vizuri, ila pima uzito kwanza: kila mita ya mraba ni kilo 120. Slabu ambayo haikukokotolewa kwa mzigo huo iangaliwe na mhandisi kabla ya bamba la kwanza kupandishwa.

Hesabu ya viguu huwachanganya wengi kwa sababu wanahesabu tailizi. Hesabu pembe. Chukua paa la mita 4.8 kwa 6, na tailizi za sentimita 60. Nyingi hukatwa pungufu kidogo kiwandani. Ikiwa ni milimita 597 na pezi ni milimita 3, hatua inakuwa 600 kamili. Upande mmoja zinaingia tailizi 8, mwingine 10, jumla 80. Mistari ya pembe ni 9 kwa 11, hivyo viguu ni 99. Ukinunua vinne kwa kila tailizi utakuwa umenunua 320, na 221 vitabaki stoo.

Sasa kimo. Slabu ikiteremka kwa asilimia 1.5 kuelekea upande mmoja, ndani ya mita 4.8 inashuka milimita 72. Kila mstari wa viguu utakuwa mrefu kuliko uliotangulia kwa milimita 9. Tukianza na 38 upande wa juu, tunapata 38, 47, 56, 65, 74, 83, 92, 101 na 110. Kila mstari una viguu 11. Viguu huuzwa kwa vipimo vyenye mwanzo na mwisho; tuseme dukani vipo vya 30 hadi 50, vya 50 hadi 80 na vya 80 hadi 120. Basi tunahitaji 22 vya kwanza, 33 vya pili na 44 vya tatu. Kwa nini tulianza na 38 na si 35? Kwa sababu 35 ingetuletea mstari mmoja wenye 80 kamili, na hapo cha pili kingekuwa kimefunguka hadi mwisho wa hesi zake, cha tatu kimefungwa hadi mwisho, vyote vikiwa havina hata nusu milimita ya kurekebisha. Usikiache kiguu kwenye mwisho wa hesi zake.

Kuna jambo ambalo wasiolijua huligundua wakiwa wamemaliza. Slabu ikiwa na mteremko, kiguu nacho kinasimama kimeinama. Kichwa chake hakiko sawa na tailizi, hivyo tailizi inagusa ukingo mmoja tu wa kichwa, na ukikanyaga inagonga tak, tak. Dawa yake ni kiguu chenye kichwa kinachojinyoosha chenyewe, au kisahani cha kabari kinachowekwa chini ya kitako au juu ya kichwa na kuzungushwa hadi upande wake mnene utazame mteremko unakoelekea. Kuongeza kipande cha karatasi ngumu au ubao chini ya kiguu si dawa. Kitaoza masika ya kwanza.

Kabla ya kiguu cha kwanza kutua, utando wa kuzuia maji uliotandikwa juu ya slabu uwe umeshajaribiwa. Ziba tundu la maji, jaza sentimita 5 za maji juu ya slabu, acha saa 24 hadi 48, kisha kagua dari ya chini. Hizo ni kilo 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo usizidishe kina. Utando upande ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa sakafu iliyomalizika, si juu ya slabu. Hapa ndipo wengi wanapopima vibaya, kwani sakafu inapopanda sentimita 13, yaani kiguu cha milimita 110 na tailizi ya 20, utando uliopanda 15 kutoka kwenye slabu unabaki na sentimita 2 tu. Utando ukiwa wa lami, jihadhari na jua: lami inalainika na kitako chembamba kinazama polepole, hivyo weka kipande cha ziada cha feliti, ile karatasi nene yenye lami, chini ya kila kiguu au tumia viguu vya kitako kipana. Utando ukiwa wa PVC, yaani plastiki laini, usiweke raba ya tairi wala feliti ya lami moja kwa moja juu yake. Vitu hivi vikigusana muda mrefu hunyonyana mafuta, na PVC inakuwa ngumu na kupasuka. Tandika kitambaa cha kutenganisha kwanza. Na kwa hali yoyote ile, usitoboe slabu kufunga kiguu. Tundu moja la drili linafuta maana ya kazi yote.

Ukutani, mapezi yanayozuia hukatwa kwa koleo ili tailizi ikae kichwani vizuri, na nafasi ya milimita 5 hadi 8 iachwe kati ya tailizi na ukuta, ikishikwa na vibanzi vya plastiki visivyooza. Nafasi hii isijazwe saruji. Paa zima linatanuka, na likikosa pa kwenda, tailizi zinasukumana hadi moja inainuka. Upande ulio wazi, usio na ukuta, unahitaji kizuizi cha chuma au alumini kilichofungwa kwenye viguu au kwenye ukingo ulioandaliwa mapema, maana sakafu isiyobanwa pande zote nne husafiri taratibu, mwezi baada ya mwezi, hadi nafasi zinafunguka. Vipande vya pembeni visiwe vyembamba chini ya theluthi ya tailizi. Gawa ziada pande zote mbili tangu unapopiga kamba.

Mambo matatu ya usalama yasipitwe. Ukuta wa ukingo wenye urefu wa mita 1.1 kutoka kwenye slabu unabaki sentimita 97 sakafu ikipanda 13, na mtoto akipanda juu ya kiti unazidi kuwa mfupi. Ongeza ukuta au reli kabla ya kuanza. Tangi la maji lisikae juu ya tailizi zenye viguu. Lita 1,000 ni tani nzima, na msingi wake ushuke moja kwa moja kwenye slabu, mahali palipokokotolewa. Tatu ni upepo. Kwenye kilele cha jengo refu, hasa kwenye pembe za paa, upepo hunyonya kwenda juu, na mji kama Makambako unaujua upepo vizuri. Kilo 45 kwa mita ya mraba zinatosha mahali palipokingwa na ukuta wa ukingo. Palipo wazi, tumia vichwa vyenye vishikizi vya chuma au hamia kwenye mabamba mazito.

Baraza ya mbao

Iringa mjini, karibu na Gangilonga, viwanja vingi vina miamba ambayo kuipasua kunagharimu kuliko nyumba ndogo. Tukuyu kuna mteremko na mvua isiyotaka mchezo. Sehemu zote mbili baraza ya mbao iliyosimama kwa nguzo ni jibu zuri kuliko kujaza kifusi na kumwaga jamvi la zege. Mbao zipo: Shamba la Miti Sao Hill, Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya serikali, na Mafinga na Njombe zimejaa viwanda vya kupasua paini na mitambo ya kutia nguzo dawa. Tatizo si mbao. Tatizo ni kwamba mbao nyingi huuzwa mbichi, na zinafungwa mbichi.

Paini iliyotoka kupasuliwa ikikauka hadi hali ya hewa ya huku, ubao wa inchi 6 unapungua upana milimita 4 hadi 6. Mlingoti, yaani mkaratusi, hupungua zaidi na hupenda kupasuka ncha na kujinyonga. Ukiacha nafasi ya milimita 6 kati ya mbao mbichi, Septemba utakuta nafasi ya milimita 11, ya kunasa kisigino cha kiatu. Kwa hiyo kausha kwanza. Panga mbao kwa tabaka zenye vijiti vya inchi moja katikati, vijiti vikiwa wima mstari mmoja, chini ya bati, upepo ukipita pembeni. Mbao za inchi moja huhitaji wiki sita hadi nane za kiangazi. Kama huna kipima unyevu, chagua ubao mmoja, upime kwenye mzani kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kushuka, mzigo wote uko tayari. Mninga una sifa ya kupungua kidogo sana ukikauka, na ndiyo maana maseremala wanaupenda, lakini bei yake inaufaa zaidi mlango kuliko baraza.

Mbao za dawa zina rangi ya kijani kwa sababu ya shaba iliyomo. Dawa ile huingia vizuri kwenye sehemu ya nje ya mti na haiingii kiini. Nguzo ya mlingoti ukiikata, katikati utaona duara la mti mtupu ambalo mchwa ataliona kabla yako. Ncha iliyokatwa ielekezwe juu na ipakwe dawa ya shaba mara mbili au tatu. Ncha ya kiwandani ndiyo ikae chini. Vipande vilivyobaki visichomwe jikoni wala kuchomea nyama, kwani dawa hiyo mara nyingi ina aseniki na moshi na majivu yake ni sumu.

Hapa kuna mpango mmoja uliokokotolewa. Mbao zetu huuzwa futi 12, yaani mita 3.66, hivyo fanya baraza ya mita 3.6 kwa 3 na usitafute mita 4, ambazo zitakulazimisha kuunga kila ubao. Chini kabisa kuna nguzo 12: mistari mitatu inayolingana na ukuta wa nyumba, kila mstari nguzo nne zikiachana mita 1.2. Juu ya kila mstari kuna mhimili wa mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zilizofungwa pamoja, jumla mbao 6. Juu ya mihimili zinakaa boriti 10 za 2 kwa 4, zikitoka ukutani kwenda nje, katikati hadi katikati sentimita 40. Kila boriti hukatwa kwenye mita 3 na kuacha kipande cha sentimita 66. Kipande hicho kinatoa kizuizi kimoja cha sentimita 35 cha kukaa kati ya boriti na boriti ili zisipinduke. Unahitaji vizuizi 9 na vipande viko 10. Juu ya yote, mbao 19 za 1 kwa 6 zenye nafasi 18 za milimita 6 zinachukua milimita 2,958, na ukiacha milimita 12 ukutani umefika 2,970. Sentimita 3 zilizobaki mbele zinamezwa na ubao wa kuficha vichwa vya boriti.

Nguzo ya katikati inaweza kupokea karibu kilo 600 baraza ikijaa watu. Kitako cha zege cha sentimita 40 kwa 40 kinatosha kwenye udongo mgumu. Lakini maeneo mengi kuzunguka Mbeya na Rungwe yamekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, yanayochimbika kwa urahisi na kubonyea yakilowa. Chimba hadi upate tabaka linalokataa sururu, na panua kitako hadi sentimita 60. Ukishuka Usangu kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kina kisipungue mita moja na nusu, la sivyo nguzo zitapanda na kushuka kila moja kwa wakati wake.

Usizike nguzo ndani ya zege. Zege halifungi mti milele. Ubao unasinyaa, unatokea mwanya, maji yanaingia na kukaa kama kwenye kikombe, na nguzo inaoza hasa pale usipopaona. Mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee kikalio cha sahani ya milimita 6 chenye mashavu mawili na nondo ya milimita 12 ya kuzama kwenye zege, kinachoinua mguu wa nguzo sentimita 3 hadi 5. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu baada ya kuchomelewa, si kabla. Nguzo ishikwe kwenye mashavu kwa bolti mbili za milimita 12 zenye washa pana.

Na baraza isimame yenyewe. Desturi ya kufunga mhimili wa kwanza ukutani kwa bolti za kutanuka inafaa kwenye boriti ya zege. Nyumba nyingi za Iringa na Njombe ni za tofali za kuchoma, nyingine zimejengwa kwa udongo, na bolti ya kutanuka ndani ya tofali la namna hiyo hulipasua tofali lenyewe na kulegea. Mstari wa nguzo nne karibu na ukuta ni gharama ndogo kuliko ukuta. Sakafu ikizidi sentimita 80 kutoka ardhini, funga pia mikingamo ya mshazari pande zote mbili, kwani nguzo peke yake haziwezi kuzuia baraza isiyumbe.

Skrubu, misumari na vishikizi vya kujificha

Msumari laini hukaa kwenye mbao kwa sababu nyuzi za mti zimeubana. Mbao ikilowa inavimba na kuusukuma msumari juu. Ikikauka inasinyaa na kuuacha pale pale. Masika mawili matatu yakipita, vichwa vimesimama vikisubiri vidole. Skrubu ina hesi za kung'ang'ania. Kwa ubao wa milimita 25 tumia skrubu ya milimita 60 hadi 65, yaani karibu mara mbili na nusu ya unene, yenye kipenyo cha 4.5 au 5. Zipigwe mbili kwenye kila boriti, sentimita 2 kutoka ukingo wa ubao. Mbao 19 kwa boriti 10 kwa skrubu 2 ni 380, nunua 420. Ncha za ubao zitobolewe kwanza kwa biti ya milimita 3, maana hapo ndipo mpasuko huanzia. Kichwa kiishie sawa na uso wa ubao. Kikizama, kinaacha kisima cha maji juu ya kidonda.

Zile skrubu nyeusi za jipsamu, zinazopatikana kila duka la vifaa na kwa bei nafuu, zisiguse kazi hii. Ni chuma kigumu kisichopinda, hivyo ubao unapohama zinakatika shingo bila kutoa dalili, na weusi wake haukingi kutu. Kwenye mbao za dawa hali ni mbaya zaidi: shaba iliyomo, pakiwa na unyevu, hula chuma kitupu na hata zinki nyembamba ya kung'aa. Chuma kisichoshika kutu ndicho cha kwanza kuchagua, na cha pili ni kile kilichochovywa kwenye zinki ya moto, ambacho utakitambua kwa ukwaru wake wa kijivu usiong'aa.

Kabla ya kupiga mbao za juu, funika mgongo wa kila boriti kwa ukanda wa lami au feliti unaozidi upana wake kidogo kila upande. Pale ubao unapolala juu ya boriti ndipo maji yanapokwama, na matundu ya skrubu yanayapeleka ndani. Na usitumie mbao za inchi 8 au 10 kwa kukanyagia. Ubao mpana hukunja mgongo kwa nguvu ambayo skrubu mbili haziwezi kuizuia.

Vishikizi vya kujificha ni vipande vya chuma au plastiki vinavyoingia kwenye mfuo uliochongwa ubavuni mwa ubao na kufungwa kwenye boriti. Vinapendeza, havitoboi uso, na vinamwachia ubao nafasi ya kupumua. Vinafaa mbao nzito zilizotulia na zile za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao. Kwa paini ya kawaida sivishauri. Ukuta wa mfuo ni mwembamba, paini ni laini, na ubao ukitaka kujikunja unaumega. Mbao za mchanganyiko zina tabia yake: hazipungui upana sana, ila hurefuka kwa joto. Ubao wa mita 3.6 unaweza kuongezeka milimita 5 kati ya alfajiri ya baridi na adhuhuri ya jua, hivyo acha nafasi kwenye ncha, na boriti zisiachane zaidi ya sentimita 30 hadi 40, kama kiwanda kinavyoelekeza.

Baraza ya mbao inaweza pia kukaa juu ya paa la zege. Hapo boriti hulala kwenye viguu vyenye kichwa cha mashavu, vikiachana sentimita 60 hadi 80, na skrubu inaingia ubavuni mwa boriti tu. Kanuni za utando, mteremko na ukuta wa ukingo ni zile zile za tailizi.

Sakafu za ofisi na vyumba vya seva

Ndani ya majengo sakafu iliyoinuliwa ina lengo jingine: nyaya na hewa. Paneli ni za sentimita 60 kwa 60, viguu ni vya chuma, na kwa kuwa hakuna maji wala utando, vitako vyake hubandikwa kwa gundi ya epoksi au kufungwa kwa bolti. Gundi haishiki penye vumbi. Slabu ifagiliwe, ifyonzwe, na ipakwe rangi ya kuzuia vumbi inayopatana na gundi hiyo. Kimo kikizidi kama nusu mita, au mashine zikiwa nzito, vichwa vya viguu huunganishwa kwa fito za chuma, vinginevyo msitu wa viguu virefu unaweza kulala kama nyasi. Mfumo usio na fito unategemea paneli zenyewe kubanana, hivyo fundi wa mtandao asifungue safu nzima kwa mara moja. Afungue chache, kwa kinyonyeo cha mkono na si bisibisi, na arudishe kila paneli mahali pake. Viguu na fito viunganishwe na waya wa ethi. Matundu ya nyaya yazibwe kwa brashi au sifongo, kwa kuwa uwazi ule wenye joto la mashine ni makazi yanayopendwa na panya.

Oktoba, kabla ya mvua, sakafu ya nje ikaguliwe. Inua tailizi mbili tatu kuzunguka tundu la maji, zoa majani na tope, mwaga ndoo moja upande wa juu na utazame maji yanavyofika. Tailizi inayogonga, inua na zungusha kiguu chake robo mzunguko. Kwenye baraza, piga magoti chini yake na uchome mguu wa kila nguzo na mwisho wa kila boriti kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, sehemu hiyo imeoza na ibadilishwe kabla watu hawajapanda tena. Kaza bolti zote za nguzo, maana mbao zilizosinyaa kiangazi zimeziacha na ulegevu wa nusu mzunguko au zaidi.